Kata Penye Ukungu

Karakana, Jumatatu, 3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Tafuna ametema kitufe kwenye kiganja changu sasa hivi. Kitufe cha kibodi, kile chenye mshale wa kushuka, kimelowa mate chote, na upande wa chini kimeganda kitu cheusi ambacho sikuthubutu kukichunguza. Nimemsugua ulimi kwa kitambaa safi naye ananicheka. Meno manne tu, lakini kwa kicheko kile utadhani ni bibi kizee aliyeniona nimevaa gauni nje ndani.

Najua umepiga simu ukachoka. Simu yangu niliikuta kwenye ndoo ya nepi, imezama tangu asubuhi, na aliyeitumbukiza alikuwa amekaa pembeni anaipigia makofi. Fundi wa simu aliinusa tu akanirudishia bila kuifungua. Na wewe hapo bwenini mmekatazwa simu hata ninyi wakubwa. Basi tuandikiane. Dereva wetu, yule tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuwa hivyo, anapita shuleni kwenu kila Jumatano.

Nakuja naye kazini, Tafuna. Wifi aliyekuwa akinilelea mtoto ameolewa, na Bosi amekubali akae chini ya meza yangu kwenye mkeka. Napenda kazi hii dada, ila uchafu wake sijawahi kuuona. Kompyuta zinatoka maofisini zimechoka, sisi tunazisafisha na kuziuza upya. Ukigeuza kibodi na kuipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, zinadondoka kucha zilizokatwa, makombo, nywele, mabawa ya mende. Ndani ya feni vumbi limeshikana na moshi wa sigara mpaka limekuwa blanketi. Wiki iliyopita nimekuta mende na mayai yake, kafia juu ya waya ameukumbatia. Nilikwenda nje nikameza mate mara tatu. Na hizo ni za watu wanaovaa tai.

Bosi naye ni sura nyingine. Anachokonoa sikio kwa bisibisi ndogo, anaifuta kwenye suruali, kisha ananikabidhi. Mimi naipokea kwa karatasi kama mtu anayeokota panya.

Lakini ngoja nikueleze raha yake. Nikishasafisha naiwasha kwa programu ya kupima. Napima betri, feni, kitufe kimoja kimoja, na mwisho diski, yaani pale inapoweka kila kitu ilichoambiwa. Kwenye skrini vinajitokeza vijumba vingi vya rangi: kijani ni pazima, nyekundu ni pabovu. Fundi Miwani aliyenifundisha aliniambia kila diski niinakili kwa penseli za rangi kwenye daftari la mirabaraba, ili kesho mtu asinibishie. Nanakili. Nyekundu imebaki nusu. Nusu nyingine aliila Tafuna, na nilipofungua nepi siku ya pili nilipiga yowe nikidhani ni damu.

Halafu naigawa. Unakumbuka chumba chetu kimoja tulivyokigawa kwa mapazia, baba na mama huku, sisi kule, na kakona ka vyombo? Diski ni vilevile. Pazia la kwanza, naweka mfumo wa kuendeshea mashine, ule wa kununua waliouzoea maofisini. Pazia la pili, mfumo wa bure, wa kujifunzia. Ukiiwasha inakuuliza unapita mlango gani. Hao wawili hawajuani wala hawagombani, kila mmoja anadhani nyumba ni yake.

Sasa sikia akili ya mdogo wako. Fundi Miwani alikuwa anataka kutupa diski moja iliyokuwa kijani tupu isipokuwa nyekundu kidogo mwishoni. Nikamkumbuka mama na mkate: kata penye ukungu, kinachobaki ni chakula. Nikapiga mapazia penye kijani peke yake, pale pekundu nikapaacha uwanja mtupu usio na jina, na kwenye lebo nikaandika, ina doa, ya majaribio tu. Fundi Miwani akakuna kichwa. Akasema doa la diski halikai mahali pamoja, linatembea. Lakini Bosi alinipiga begani akasema hii ndiyo akili ya mwanamke wa jikoni. Fundi Miwani ameaga Ijumaa, amekwenda kulea wajukuu. Nimebaki mimi.

Kompyuta ishirini mnazoletewa shuleni kwenu nimezipima mwenyewe. Kumi na tatu ni nzima. Saba zina doa, nimelikatia nje na kuandika, mwalimu wenu atajua cha kufanya nazo. Chini ya neno IMEPIMWA nachora kijino, kwa sababu siku niliyokabidhiwa lebo ndiyo siku Tafuna aliota la kwanza. Ukikiona kijino, ujue nilikuwepo.

Mdogo wako,
Mama Tafuna


Bwenini, Jumanne, 18 Februari

Mama Tafuna, mtoto wa mama yangu,

Barua yako nimeisoma nikila, na lile la mende nimelifikia na kijiko kikiwa mdomoni. Mungu anakuona.

Kompyuta zimefika. Wasichana walipanga foleni mpaka nje ya korido, na mimi, ambaye sijui hata pa kuiwashia, nilisimama mlangoni kama mama wa bibi harusi. Nimekiona kijino. Nimemwonyesha Mkuu wa shule, mpishi, mlinzi, na mlinzi nimemwonyesha mara mbili. Nimewaambia, huyu aliyezipima ni mdogo wangu wa tumbo moja, aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano, na tazameni.

Ila nakusema kidogo. Mwalimu wa kompyuta nilimwuliza kuhusu zile saba zenye uwanja mtupu, nijifanye najua. Akazifungua zote ishirini. Anasema uwanja mtupu haupo. Kuna mfumo wa kununua, kuna wa bure, na kuna chumba cha tatu kikubwa kilichoandikwa AKIBA, kimefika mpaka ukingoni mwa diski, na ndimo wasichana wanamoweka kazi zao. Lebo nazo zote zinasema neno moja, IMEPIMWA, na kijino. Hakuna doa wala majaribio. Basi nimeelewa. Umetubadilishia zile saba ukatuletea nzima tupu. Ahsante mdogo wangu, lakini usijitie matatani na Bosi wako kwa kutupendelea. Ndugu apendelewe kwa siri.

Huku kwangu ni yaleyale. Wasichana mia mbili wanaosuka na kufumua, na mfereji mmoja wa bafu. Jana nimetoa nywele humo, fundo la ukubwa wa paka, linanuka kama paka aliyekufa, na hakuna aliyekiri kuwa hata ana nywele.

Kuhusu ule mkate wa mama, nitakuambia siku nyingine. Ulikuwa mdogo.

Nibusie Tafuna, ila kwanza mkague mdomo.

Dada yako,
Matroni


Karakana, Jumanne, 25 Februari

Dada,

Nimefurahi mmezipenda. Kuhusu zile saba usijali, wala usimwulize tena mwalimu, atakuona unamchunguza.

Tafuna ana jino la tano. Ameanza kusimama kwa kushika mguu wa meza. Jana alisimama akasahau kuwa amesimama, akaanguka kwa makalio, akanitazama kama mimi ndiye niliyemvuta.

Bosi amenihamishia meza ya dirishani. Ameniandikia karatasi ukutani, MPIMAJI MKUU, ingawa mpimaji niko peke yangu. Ni pazuri, kuna mwanga, na mkeka wa mtoto haupitiwi tena na viatu vya watu. Anasema nikiendelea hivi mwakani nitafundisha wengine.

Wiki ijayo mnaletewa nyingine kumi.

Waambie wasichana, kila wanachoandika wakiweke na kwenye chumba cha kwanza, sio kwenye Akiba peke yake. Ni mazoea mazuri tu. Mahali pawili ni bora kuliko pamoja.

Siku hizi nanawa mikono mpaka ngozi inachubuka. Vumbi la humu halitoki.

Mdogo wako


Bwenini, Jumanne, 18 Machi

Mdogo wangu,

Kimya changu kina sababu. Nimechefuka, na nikiwa hivyo kalamu naiogopa.

Wasichana wa mwaka wa mwisho wana kazi ya mtihani, ya kuandika kila siku kwenye kompyuta, kila mmoja na yake, na kukabidhi. Sasa kumi na mmoja wamekuja mikono mitupu. Wanasema waliandika, wakahifadhi kwenye Akiba, na kazi imepotea. Mmoja anasema kurasa zilifunguka zimejaa alama za ajabu. Mwingine anasema kompyuta ilikuwa inagongagonga ndani kama mtu anayebisha hodi, kisha ikanyamaza. Hadithi za watoto. Lile shauri lako la mahali pawili nilimweleza mwalimu siku ileile, akacheka, akasema, Matroni, akiba haiozi.

Mwalimu anasema ni uvivu uliovaa miwani. Mimi nilisimama mbele yao nikawaambia mashine hizi kazipima ndugu yangu wa damu, kijino chake mnakiona, hazina kosa, kosa ni lenu. Nikawapeleka kwenye mfereji. Kumi na mmoja wote. Nimewazibulisha kwa mikono, nywele na ute na sabuni iliyooza, mpaka wawili wakatapika, na waliotapika nao wakasafisha walichotapika. Sikuwahurumia. Uchafu wa mfereji unatoka kwa maji, mdogo wangu, wa uongo unatoka kwa nini?

Anayenikera zaidi ni Kiranja wa bweni. Yule ndiye niliyekuwa namwachia funguo zangu. Alinyoosha mgongo, mikono inadondosha, akasema, "Matroni, mimi sijawahi kukudanganya."

Nilimgeuzia kisogo.

Majina yao yanafutwa kwenye mtihani mwisho wa mwezi, Jumatatu tarehe thelathini na moja, labda ithibitike kuwa kosa si lao. Haitathibitika. Mwaka mzima wa mtu umekwenda hivyo.

Tuma habari za mtoto. Nataka kusikia kitu kisafi.

Dada yako


Karakana, Alhamisi, 20 Machi

Dada,

Hawakudanganya.

Nimeandika hilo kwanza ili hata ukiichana barua uwe umeshalisoma. Hakuna hata mmoja aliyekudanganya isipokuwa mimi.

Barua yako ya kwanza ndiyo iliyonifungua macho. Nilitoka nayo mpaka kwa Bosi, nikamwuliza uwanja niliouacha mtupu umekwenda wapi. Hakukataa hata kidogo. Alikuwa anakula, akaniambia huku chakula kikionekana. Mnunuzi anaangalia namba, akasema, diski ikisomeka pungufu anairudisha, ikisomeka kamili anashukuru. Basi alichukua penye nyekundu akapavutia pazia, akapaita Akiba. Na kwa sababu uwanja wenyewe ulikuwa mdogo akapamegea na pazima kidogo ili paonekane pakubwa. Zile nzima nazo akazikatia Akiba, zote zifanane. Lebo zangu alizitemea mate zilainike, akazibandua kwa ukucha, akaweka zake. Kijino alichora mwenyewe. Vitazame vizuri hivyo ishirini. Changu kina mizizi miwili. Chake mitatu.

Hapo ningekuandikia, ningekuwa safi. Sikukuandikia. Bosi alisema, wewe ndiye uliyeleta akili hii, nilikuwa natupa diski mpaka uliponionyesha, sasa unaona haya ya nini? Na ni kweli. Kisha akanionyesha meza ya dirishani. Nikamtazama Tafuna kwenye mkeka, kiatu cha mtu kimetoka kumkanyaga kidole, nikajiambia, doa huenda likatulia. Nikajiambia dada kasema zinafanya kazi. Nikakuandikia ile barua ya meno na ya mahali pawili. Ulidhani nakupa shauri. Nilikuwa natafuta pa kulala.

Zile kumi za pili si mkono wa Bosi. Nne zilikuwa na doa. Nilipiga pazia mwenyewe juu ya doa, nikaandika AKIBA kwa vidole hivi, na kijino utakiona kina mizizi miwili.

Fundi Miwani alisema linatembea. Limetembea. Ule mlio wa kubisha hodi ni diski inayotafuta kitu pale ilipokiweka isikione, inarudi, inatafuta tena. Msichana aliyekueleza hivyo alisikia sawasawa.

Sasa kila kitu hapa kinanitia kinyaa. Ile karatasi ya MPIMAJI MKUU siitazami. Bosi akipita nyuma yangu nasikia harufu ya mdomo wake hata akiwa amefunga. Lakini hayo ni ya nje. Tafuna hupenda kukamata kidole changu akinyonye anaposinzia, na wiki hizi tatu namnyang'anya, analia, mimi naenda kunawa, narudi, bado kile kidole sitaki akitie mdomoni.

Umewapeleka kwenye mfereji kwa ajili ya jina langu.

Kuna kitu kimoja. Kazi zao huenda hazijafa zote. Ipo programu inayosoma penye ubovu polepole sana, inabembeleza, inarudia, inaokota kilichobaki. Fundi Miwani alinionyesha. Mkiacha kuziwasha, mkazizima leo na kuzileta, nitajaribu. Usiruhusu mtu aziwashe tena, kila zikiwaka doa linakula.

Mengine yote sijui. Nikisema, natoka hapa na mtoto mgongoni. Nisiposema, sijui natoka na nini.

Mdogo wako, kama bado


Bwenini, Jumatano, 26 Machi

Mama Tafuna,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekwenda kwenye mfereji nikakunja mikono ya gauni. Ulikuwa umeziba tena. Nimewaita wote kumi na mmoja waje wanione. Nimeuzibua mbele yao, kwa mikono, nikawaambia walichokuwa wakisema ni kweli na nilichokuwa nikisema mimi si kweli. Hakuna aliyecheka. Kiranja ndiye aliyeniletea maji ya kunawa. Afadhali angenimwagia.

Sikufichi, nimekuchukia tangu mchana mpaka jua kuzama. Kisha nikakumbuka mkate, na nilikuahidi.

Ulikuwa na miaka minne. Mama alikuwa akikata penye ukungu, kweli, na kile cheupe akatugawia. Lakini kipande kinachopakana na ukungu, kile ambacho kwa macho ni kizima na kwa harufu hujui, hakutupa sisi. Alikula yeye. Wewe ulikuwa unamwona akitoka nyuma ya nyumba anafuta mdomo, ukadhani amekwenda kupiga mswaki. Alikuwa anatapika. Mimi nilikuwa namshikia kikombe.

Hiyo ndiyo sehemu ya akili yake iliyokupita. Hakuwahi kuchukua kipande kile akakipa jina zuri na kumwekea mtoto wa mtu kwenye sahani.

Sasa sikiliza. Kompyuta zote kumi na moja zimezimwa, nimezikalia kama kuku. Ijumaa asubuhi Mkuu wa shule anakuja nazo hapo kwenu pamoja na Kiranja. Nimemwambia zikapimwe mbele ya macho yake, basi. Habari ya Akiba sijamwambia, wala ya mizizi miwili na mitatu. Si kwa kukuficha. Nimekuachia mdomo wako mwenyewe, maana nikikusemea mimi utabaki unanawa mikono mpaka uzeeni. Lakini Jumatatu ni Jumatatu. Ijumaa ikipita kimya, Jumamosi namwambia yote, na jina lako juu.

Ukikosa pa kwenda, kwangu kuna kitanda. Kinanuka bweni.

Dada yako


Karakana, Ijumaa, 28 Machi

Dada,

Tafuna yuko mapajani mwa Kiranja wako, anamtafuna kifungo cha sweta. Wamefika saa mbili. Bosi amemchukua Mkuu ofisini, na mlango haufungi vizuri, kwa hiyo namsikia anavyomweleza kuwa wasichana hupiga mashine wakikasirika, wanamwaga chai, wanavuta waya. Sauti imepakwa mafuta. Mkuu anasema ndiyo, ndiyo, kwa namna ya mtu anayengoja amalize.

Jana Bosi aliniketisha akaniambia cha kusema. Nilipima, zilikuwa nzima, hii ndiyo alama yangu. Maneno saba, aliyahesabu kwa vidole, na kidole kimoja kilikuwa kimetoka sikioni. Kisha akataka daftari la mirabaraba alichome. Nikamwambia mtoto alilikojolea nikalitupa. Alikunja uso akasema vizuri.

Lipo dada. Limo kwenye mfuko wa nepi, chini kabisa, limefungwa kwenye plastiki, na juu yake kuna kazi ya Tafuna ya tangu jana mchana, ambayo sikuifua makusudi. Bosi aliufungua mfuko leo asubuhi. Nilimwona. Aliufunga haraka kuliko alivyoufungua, akaenda dirishani kutafuta hewa. Mwanaume anayekabidhi watu nta ya sikio lake. Diski zote thelathini zimo humo, kijumba kwa kijumba, na tarehe niliyopima, na nyekundu mahali pake. Zile nne nilizozifunika mwenyewe nimeziandika leo kwa kalamu ya wino, kwamba ni mimi.

Kiranja alipoingia alisimama mbele ya meza yangu. Kucha zake zina weusi bado, wa ule mfereji, haujatoka pembeni. Akaniuliza, "Wewe ndiye wa kijino?"

Nikamwambia, "Ndiye."

 Akamwinua Tafuna kutoka kwenye mkeka kana kwamba mtoto hana kosa, akaketi.

Nimeanza na diski yake. Sijaomba ruhusa. Programu inasoma tangu saa mbili na robo, kijumba kimoja kimoja, inabisha hodi, inanyamaza, inabisha tena, na sisi wawili tunashika pumzi kila inaponyamaza. Mpaka sasa zimetoka kurasa ishirini na sita. Nyingine zina mashimo katikati, lakini jina lake liko juu na tarehe iko juu, tarehe ya kila siku aliyoandika, na hiyo hakuna mwalimu wa kuibishia. Ilipotoka ya kwanza alisoma mstari mmoja kwa sauti ndogo, unaohusu mazao sijui ya nini, akaanza kulia huku anacheka, na Tafuna akamtia kidole mdomoni kuona sauti inatoka wapi. Kumi nyingine nitazisoma hata wanifukuze, Taratibu ameahidi kunipakiza mimi, mtoto na programu yangu mpaka huko kwako. Amesema na safari hii atakwenda taratibu kweli, kwa ajili ya diski.

Leo asubuhi nilimwachia Tafuna kidole changu akanyonya. Nilikuwa sijasema bado, lakini nilijua nitasema. Alilala palepale.

Ile karatasi ya ukutani nimeibandua. Nimeikunja, nimeiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba, ndiyo mara ya kwanza imefanya kazi.

Taratibu yuko mlangoni anangoja barua, leo anapita kwenu ingawa si Jumatano. Nilitaka nikuandikie na kuhusu mama, nyuma ya nyumba, na kikombe ulichoshika, lakini Bosi ananiita. Anasema, Mama Tafuna, njoo na bisibisi, umwonyeshe Mkuu. Nakwenda na mfuko wa nepi. Nauweka mezani kwake, katikati, na kabla hajaziba pua nitalitoa daftari nimwambie Mkuu yote, na zile nne zangu.